Karatasi moja kwa mwezi: jinsi mkutubi wa afya anavyoweza kupeleka habari wadini na zikasomwa

Niko kwenye maktaba ndogo ya hospitali huku Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, chumba kimoja, kabati tatu, kompyuta mbili na moja tu ndo inawaka. Karibu kila mwaka kuna mkutubi mpya ananipigia simu, kapelekwa hospitali fulani, anasema, "Dada, wamenipa funguo za chumba cha vitabu vya zamani, hakuna mtu anaingia, naanzia wapi?" Nimechoka kurudia kwa simu, salio linaisha kabla hatujafika katikati, kwa hiyo naandika hapa yote.

Nitakachoeleza ni namna ya kutoa karatasi ya habari za afya kila mwezi, upande mmoja tu, pamoja na kazi ndogondogo zinazoizunguka: dakika zako kwenye CME (kile kipindi cha watumishi kujifunza kazini), mafunzo ya Hinari (mlango wa kusoma majarida ya afya bila kulipa), na wewe mwenyewe kutobaki nyuma kwenye fani. Hauhitaji bajeti kubwa. Unahitaji miguu, daftari na intaneti hata ya kubahatisha.

Hatua ya 1: Funga maktaba, zunguka wadini

Ndiyo, funga. Bandika mlangoni "narudi saa tano" halafu nenda. Kosa langu la kwanza lilikuwa kukaa kwenye kompyuta wiki mbili nikikusanya habari nilizoona mimi ni nzuri, nikatoa kurasa nane, nikagawa kila wadi kopi moja kwa furaha kabisa. Wiki iliyofuata naingia wadi ya watoto nakuta karatasi zangu ziko ukutani. Moyo ukaruka! Kusogea karibu naona inchaji, yaani sista msimamizi wa wadi, kaandika orodha ya zamu upande wa nyuma, manake karatasi za hospitali zilikuwa zimeisha, na habari zangu zimeelekea ukuta. Sikukasirika (sawa, nilikasirika kidogo) ila nilijifunza vitu viwili, na kimoja nitakisema kwenye kusambaza.

Kingine ni kwamba hizo habari hakuna aliyeziuliza. Niliweka makala ya upasuaji wa moyo Ulaya kwa masista ambao wiki hiyo walikuwa wanapambana na watoto wa malaria wanalala watatu kitanda kimoja.

Kwa hiyo nenda na daftari. Usiende wakati daktari anazunguka na wagonjwa, utafukuzwa, na ni haki yao. Nenda baada ya kukabidhiana zamu, au saa nne watu wakinywa chai. Na usiulize "unahitaji taarifa gani?" kwa sababu jibu ni "hakuna, asante" kila siku. Uliza hivi: "Sista, wiki hii ni mgonjwa gani amekuumiza kichwa?" Hapo atakaa chini aanze kuhadithia na ndani ya hiyo hadithi kuna swali, wewe liandike. Andika tarehe, wadi, kada ya aliyeuliza, na analitaka lini. Jina la mgonjwa usiandike popote, hata herufi ya kwanza, tuna sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na hata bila sheria ni aibu tu.

Usisahau watu wa pembeni. Mtu wa rekodi ndiye anajua nini kinapanda kabla ya mtu yeyote, kwa sababu yeye ndo anaingiza namba kwenye DHIS2, ule mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Mtu wa stoo ya dawa anajua nini kimeisha. Mkunga anajua kina mama wanasema nini huko nje. Na mlinzi wa geti bana, huyo anajua uvumi wote wa mji.

Maswali kumi yanatosha kwa mwezi. Chagua matatu au manne.

Hatua ya 2: Panga vyanzo vyako, na uvipe siku

Ukianza kutafuta habari za afya bila mpango utazama. Mimi nina Jumatatu na Alhamisi, saa moja kila siku, basi.

Jumatatu naangalia vya nyumbani. Kwanza Wizara ya Afya, wana tovuti yao ya maarifa ambako miongozo inawekwa, na humo ndo unapata kile kitabu tunachokiita UCG, mwongozo wa matibabu wa Uganda. Toleo la sasa ni la 2023. Nasema hili kwa sababu wadi nyingi bado zina lile la 2016 lenye jalada limechanika na watu wanalipenda kama biblia, na hata lile la 2012 nimelikuta likitumika. Kama mwaka huu hautafanya chochote kingine, zunguka na UCG 2023 kwenye fleshi uiweke kwenye kila simu inayokubali. Halafu naangalia NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, kama kuna dawa imetolewa sokoni au kuna dawa feki imekamatwa. Halafu WHO, Shirika la Afya Duniani, ukurasa wao wa habari za milipuko, hasa Kongo na Sudan Kusini, sisi wa West Nile, mkoa huu wa Arua, mpaka ni hapo tu na wagonjwa hawasomi ramani.

Alhamisi naangalia utafiti. Anza na jarida la African Health Sciences, linatoka Makerere tangu 2001 na ni bure kusoma, ndani yake utakuta hospitali kama yako na shida kama zako. AJOL nayo ina majarida mengi ya Afrika sehemu moja. Cochrane, wale wanaokusanya na kupima tafiti za swali moja, ni kwa maswali ya "hii tiba inasaidia kweli au la", na sisi nchi za kipato cha chini tunasoma bila kulipa. Maktaba ya Albert Cook pale Mulago, Kampala, ile yenye jina la yule daktari mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, ni mama yetu sote kwenye hii fani, na imekuwa ikitoa kijarida cha muhtasari wa habari za afya kwa wafanyakazi wa vituo vya mbali. Hichi ninachokufundisha si kitu kipya, wao walianza zamani.

Sasa Hinari, hapa nikae kidogo maana ndiko wengi wanakwama. Hinari ilianzishwa na WHO mwaka 2002 pamoja na wachapishaji wakubwa ili nchi maskini zipate majarida ya afya. Siku hizi iko chini ya Research4Life pamoja na ndugu zake wa kilimo, mazingira, teknolojia na sheria, unaingia mlango mmoja. Nchi zimegawanywa kundi A na kundi B, Uganda tuko kundi A, manake hatulipi kitu. Lakini anayesajiliwa ni taasisi, siyo mtu. Hospitali, chuo cha manesi, ofisi ya wizara, wote wanaweza.

Shida inayojirudia ni hii: mtu alisajili hospitali miaka ile kwa imeili yake binafsi, akahamishwa, akaondoka na pasiwedi kichwani. Ilitokea na kwetu. Suluhisho ni kuwaandikia Research4Life wenyewe, uwaambie taasisi yako na wewe ni nani, watakuelekeza. Ila safari hii tumia imeili ya hospitali, na pasiwedi iandikwe kwenye bahasha ikae kwa msimamizi wa hospitali.

Na shida ya pili: daktari anakuja amenuna, "hiyo Hinari yako inaniomba dola thelathini". Ukimuuliza alipitia wapi, alipitia Google. Lazima uingie kwanza kwenye mlango wa Research4Life, uandike jina na pasiwedi, halafu ndo utafute jarida ukiwa humo ndani. Ukipita Google moja kwa moja mchapishaji hajui wewe ni nani, anakuona mteja tu. Hii sentensi nimeibandika juu ya kompyuta yetu na bado wananiuliza.

Hatua ya 3: Tafuta kwa akili, hasa kama unakaa West Nile

Hii sehemu naipenda. Ukiingia PubMed (hiyo ni orodha kubwa ya makala za tiba mtandaoni, bure kwa kila mtu, haina pasiwedi) ukaandika West Nile ukitegemea kupata tafiti za afya za mkoa wetu, utapata maelfu ya makala za mbu na ndege wa Marekani. Kwa nini? Kwa sababu mwaka 1937 watafiti waliokuwa wakifuatilia homa ya manjano walichukua damu ya mama mmoja wa Omogo, huku kwetu, mwenye homa, wakakuta kirusi kisichojulikana. Mwaka 1940 wakakiandika na wakakipa jina la mkoa. Miaka ikapita, mwaka 1999 kikaibuka New York, na tangu hapo jina letu likachukuliwa jumla. Yule mama hata jina lake hatulijui, kirusi ndo maarufu.

Kwa hiyo usitafute kwa jina la mkoa. Tafuta kwa majina ya wilaya, hivi:

(Arua[tiab] OR Yumbe[tiab] OR Koboko[tiab] OR Maracha[tiab] OR Adjumani[tiab] OR Moyo[tiab] OR Nebbi[tiab] OR Zombo[tiab]) AND Uganda

Hayo maneno AND na OR yaandike kwa herufi kubwa. Hiyo [tiab] inaiambia PubMed itafute kwenye kichwa cha makala na muhtasari tu, na usiiache, hasa kwenye Moyo, kwa sababu Moyo ni jina la ukoo la watu wengi sana kule Zimbabwe na utaletewa kazi zao zote. Nilicheka siku nilipogundua, nilikuwa nimeshasoma makala tatu nikishangaa wilaya ya Moyo ina hospitali kubwa hivyo.

Kitu kingine, wilaya zetu zinazaa kila kukicha. Yumbe ilitoka Arua mwaka 2000, Koboko 2005, Maracha ikafuata, Madi-Okollo 2019, Terego 2020 na mwaka huohuo Arua yenyewe ikawa jiji. Makala ya 1998 ikisema Arua inaweza kuwa inaongelea kijiji ambacho leo kiko Yumbe. Na kama unatafuta mambo ya wakimbizi ongeza Bidibidi, Imvepi na Rhino Camp. Wenzangu wa mikoa mingine fanyeni hesabu hiyohiyo kwenu, Karamoja, Busoga, kote wilaya zimegawanywa.

Ukishapata utafutaji unaokupendeza, fungua akaunti ya bure hapohapo PubMed, bonyeza pale pa kutengeneza alati, uchague mara moja kwa wiki. Kila Jumatatu orodha ya makala mpya inakuja yenyewe kwenye imeili. Mimi ninazo nne: ya wilaya, ya malaria Uganda, ya akina mama wanaojifungua, na ya Ebola. Zaidi ya hapo hausomi, unafuta tu.

Hatua ya 4: Chuja kabla hujatuma

Mkutubi akituma uongo, uongo unapata muhuri. Kwa hiyo mimi kila habari naipitisha kwenye maswali matatu.

Imeshafutwa? Makala za kisayansi zinaweza kuondolewa na jarida lenyewe baada ya kuchapishwa. Mnakumbuka Mei 2020 jarida kubwa kabisa la Lancet lilichapisha kwamba hydroxychloroquine inaongeza vifo vya wagonjwa wa Korona, dunia ikatetemeka, WHO wakasimamisha kwa muda sehemu hiyo ya majaribio yao, na tarehe 4 Juni mwaka huohuo makala ikaondolewa kwenye Lancet kwa sababu data zake hazikuweza kuthibitishwa. Wiki mbili tu! Ndani ya hizo wiki mbili ilishazunguka WhatsApp za manesi wote. PubMed huweka onyo wazi juu ya makala iliyofutwa, kwa hiyo usichukue kichwa cha habari kwenye grupu, fungua PubMed uone.

Imepitiwa na wataalamu au bado ni rasimu? Rasimu zinazowekwa mtandaoni kabla ya kukaguliwa siyo mbaya, ila ukiitaja lazima useme ni rasimu.

Jarida ni la kweli? Kuna majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote ukilipa. Madaktari wetu wanaofanya shahada za pili wanaandikiwa imeili za kusifiwa kila siku, "profesa mheshimiwa tuletee makala yako", na mtu hata siyo profesa. Angalia kama liko DOAJ, orodha ya majarida ya bure yaliyokaguliwa, na wafundishe kutumia orodha ya maswali ya Think Check Submit kabla ya kutuma pesa.

Na kwa dawa, neno la NDA ndo lisimame, lakini ulinukuu vizuri. Mwaka 2021 kila mtu aliniuliza Covidex, ile ya mimea iliyotoka Mbarara. Ungesema "NDA imepitisha dawa ya Korona" ungekuwa umedanganya, ukisema "NDA imekataa" pia umedanganya. Waliiruhusu kama tiba ya kusaidia, siyo ya kuponya. Tofauti ya neno moja hiyo, ndo kazi yetu.

Na hapa nikumbushe kitu: wewe si musawo, yaani si mganga. Sista akikuuliza mtoto aliyekosa dozi afanyiwe nini, wewe unamletea ukurasa wa mwongozo, haumpi jibu la kichwani. Hata kama unalijua.

Hatua ya 5: Andika fupi

Upande mmoja. Habari tatu au nne, kila moja isizidi mistari mitano. Juu weka swali kama lilivyoulizwa, bila jina la aliyeuliza, watu wanapenda kuona swali lao (na wanaanza kubishana nani aliuliza, waache wabishane, wanasoma). Halafu jibu kwa kifupi, halafu limetoka wapi na mwaka gani, halafu mstari wa mwisho: nini kinabadilika kazini Jumatatu. Kama hakuna kinachobadilika, hiyo habari itoe.

Mfano huu ni kutoka karatasi yetu, tuliyoitoa kwa Kiingereza, hapa naiweka kwa Kiswahili:

"Akina mama wanauliza chanjo ya malaria ni sindano ngapi. Uganda ilianza kuitoa chanjo ya R21 Aprili 2025, ilizinduliwa Apac. Ni dozi 4: miezi 6, 7, 8, halafu mwezi wa 18. Ile ya nne iko mbali na zingine ndo rahisi kusahaulika. Jumatatu: mama akileta mtoto kwa jambo lolote, omba kuona kadi. Neti bado ni lazima."

Unaona? Hakuna "watafiti mashuhuri wamebaini". Nimeandika kama ningemwambia mtu kwenye korido.

Lugha gani? Watumishi wetu wanasoma Kiingereza kazini, kwa hiyo karatasi kuu inabaki hivyo. Lakini mimi nyuma yake naweka aya moja ya Kiswahili, kwa sababu walinzi, wafagiaji, watu wa boda pale stegi na wafanyabiashara wa Kikongo wote wanakielewa, na hospitali inaendeshwa na hao pia. Ukiwa Nakivale au Kyangwali kwenye wakimbizi wa Kongo hiyo aya ya Kiswahili inaweza kuwa ndiyo karatasi yenyewe. Mwambie mkalimani wa hospitali aisome kabla, Kiswahili cha Bunia na cha vitabuni havifanani.

Hatua ya 6: Sambaza pale macho yalipo

Kile kitu kingine nilichojifunza kwa yule inchaji: karatasi pekee ambayo kila mtu wadini anaisoma, tena kwa makini, tena mara tatu kwa siku, ni orodha ya zamu. Sasa mimi nikaenda kwake nikamwambia mama, wewe nipe orodha yako kila mwisho wa mwezi nikutaipie na nikuprintie vizuri, bure. Alifurahi sana. Orodha ya zamu iko juu, habari zangu chini yake, karatasi moja. Mtu anatafuta kama kapangiwa usiku, macho yanashuka, anakutana na chanjo ya malaria. Tangu hapo hakuna aliyegeuza karatasi yangu ukutani.

WhatsApp nayo ni lazima. Facebook usijisumbue, ilizimwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi na watu wanaingia kwa VPN, kazi ya serikali huwezi kuitegemeza kwenye VPN. Na kumbuka bando lina kodi yake ya asilimia 12 tangu Julai 2021, sista hatadaunlodi PDF ya MB 10 kwa pesa yake. Tuma picha moja ya karatasi, nyepesi, inayosomeka bila kukuza. Ukirekodi na sauti ya dakika moja ni bora zaidi, wanasikiliza wakiwa kwenye boda.

Ila PDF za Hinari usizimwage kwenye grupu la watu 200 ambamo nusu siyo watumishi wa hospitali, masharti hayaruhusu. Wala usikae unadaunlodi jarida zima toleo kwa toleo, mchapishaji anaona na anaweza kuifungia taasisi nzima. Weka kichwa cha makala na useme "anayeitaka aje au aniandikie", na wanaokuja ndo wasomaji wako wa kweli, waandike kwenye daftari.

Intaneti ikiwa haipo kabisa, kwa vituo vya afya vya daraja la III huko ndani, kuna Kiwix, programu ya bure inayobeba makala za tiba za Wikipedia zote ndani ya simu, unaiweka mara moja tu mjini. Kabla ya hapo WHO walikuwa wakituma yale masanduku ya bluu ya chuma yenye vitabu zaidi ya mia. Ukilikuta moja stoo usilitupe, sanduku ni zuri, vitabu vyenye dozi za zamani vitoe, vya anatomia viache.

Hatua ya 7: Omba dakika kumi kwenye CME

Hospitali karibu zote zina kipindi cha CME kila wiki. Usiombe saa nzima, hautapewa. Omba dakika kumi za mwanzo, kila mwezi, uzitumie kuonyesha kitu kimoja: leo namna ya kuingia Hinari, mwezi ujao namna ya kutafuta kwenye UCG ukiwa na simu. Kitu kimoja tu. Piga picha za skrini kila hatua uziprinti, kwa sababu umeme utakatika, usijidanganye, utakatika ukiwa kwenye slaidi ya pili na projekta itakufa mbele ya mganga mkuu. Mimi ulikatika mara ya kwanza kabisa nikabaki nimesimama na rimoti mkononi kama nauza televisheni.

Baada ya miezi mitatu wakikuzoea, anzisha kikundi cha kusoma makala. Watu sita wanatosha. Makala moja fupi, ya Afrika ikiwezekana, igawe siku tano kabla, na mwenyekiti awe daktari au sista, siyo wewe. Wewe kazi yako ni kuleta makala na kuuliza swali la kijinga ambalo wote wanaliogopa: "hawa wagonjwa wanafanana na wetu?" Mwambie mratibu wa CPD, yaani mafunzo endelevu ya watumishi, aandikishe hicho kikundi kama inavyotakiwa na mabaraza yao, pointi zikihesabika kwenye kurenew leseni utaona watu wanavyokuja kwa wakati. Mandazi pia yanasaidia.

Hatua ya 8: Wewe mwenyewe usikauke

Mkutubi wa hospitali mara nyingi yuko peke yake, hana wa kumuuliza. Jiunge na AHILA, umoja wa wakutubi na watu wa habari za afya Afrika, upo tangu 1984 na unakutana kwenye kongamano kila baada ya miaka miwili, na una tawi letu la Uganda. Jiunge na ULIA pia, hicho ni chama cha wakutubi wote nchini. Ukiwa chuo kikuu ulizia kama mko kwenye CUUL, ule umoja wa maktaba za vyuo vikuu unaojadiliana bei za majarida kwa pamoja. Na uliza EASLIS pale Makerere, kile chuo cha ukutubi kilichofunguliwa 1963, wanafunzi wao wanatafuta mahali pa mazoezi kila mwaka na wewe unatafuta mikono. Mmoja alinipangia kabati zote tatu kwa wiki nne.

Mafunzo ya mtandaoni mengi ni bure, Research4Life wana kozi yao na wanatoa cheti. Wamarekani wenye chama cha wakutubi wa tiba cha tangu 1898, na Ulaya wenye chao cha tangu 1987, nao huendesha semina mtandaoni, nyingine ni za wanachama tu, nyingine ziko wazi. Angalia saa vizuri: semina ya saa nane mchana New York kwetu ni saa tatu usiku, na wakiingia kwenye baridi yao wanarudisha saa nyuma inakuwa saa nne. Nimeshawahi kukaa mbele ya skrini tupu lisaa lizima nikidhani mimi ndo nimeachwa na network.

Oktoba ni mwezi wetu mzuri, Wamarekani wanasherehekea mwezi wa wakutubi wa tiba na mwishoni kuna wiki ya majarida ya bure duniani. Tumia hiyo kama sababu ya kuweka meza pale OPD, kwa wagonjwa wa nje, na kuomba bosi aje kupigwa picha. Bosi akipigwa picha na maktaba, mwezi wa kupanga bajeti anakumbuka kwamba ipo. Na uende na daftari lako: maswali 84 mwaka huu, yametoka wadi hizi, yamejibiwa kwa siku ngapi. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai, kwa hiyo usisubiri Juni.

Hatua ya 9: Ukitokea mlipuko, sheria zinabadilika

Septemba 2022 Ebola ya aina ya Sudan ilipotangazwa Mubende, na tena Januari 2025 ilipotangazwa Kampala, nilipata maswali kwa siku moja kuliko ninayopata kwa mwezi mzima. Hapo karatasi ya mwezi weka pembeni. Toa karatasi ya dharura, nusu ukurasa, ukitumia maneno ya wizara na WHO tu, namba zao tu, hata kama binamu yako wa Kampala anajua zaidi. Andika juu kabisa kwa herufi kubwa tarehe na saa uliyoitoa, kwa sababu kesho namba itakuwa nyingine. Mpe kwanza kiongozi wa timu ya kudhibiti maambukizi aisome na aiweke sahihi. Iweke geti, triaji (pale wagonjwa wanapopangwa kwa uzito wa hali), maabara, chumba cha maiti, kwa wafua nguo, na kwa madereva wa ambulensi ambao kila mara wanasahauliwa na ndo wanaombeba mgonjwa wa kwanza.

Halafu, mlipuko ukitangazwa umeisha, kama ule wa 2022 ulivyotangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, siku hiyohiyo zunguka na uzibandue zote. Mimi nilisahau moja, na miezi kadhaa baadaye nilimkuta mama mjamzito amesimama mlango wa kliniki anasoma karatasi yangu ya zamani, mkoba begani, anajiuliza aingie au arudi nyumbani. Zihesabu karatasi unazobandika, andika kwenye daftari ni ngapi na umezibandika wapi, ili siku ya kubandua usiache hata moja.